Kudisko huanza wiki ya tatu, si siku ya matokeo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme machache kuhusu wanafunzi wa vyuo wanaoondolewa masomoni kwa alama ndogo, yaani kudisko.

Kila matokeo ya muhula yanapotoka husikika maneno yale yale: vijana ni wavivu, wanapenda starehe, simu zimewamaliza. Uvivu upo, hatuukatai. Lakini ukikaa na wanafunzi walioandikiwa barua za onyo na kupitia matokeo yao somo kwa somo, unakuta jambo jingine. Wengi hawakujua hesabu ya alama zao wala tarehe za chuo chao. Wanadhani walifeli siku ya mtihani, kumbe shimo lilianza kuchimbwa wiki ya tatu au ya nne, na hadi wiki ya nane bado lilikuwa linafukika.

Tuanze na barua yenyewe, maana wengi wakiipata huificha chini ya godoro. Majina hutofautiana chuo kwa chuo, ila ngazi ni zile zile: onyo, kisha uangalizi wa kitaaluma, kisha kusimamishwa kwa muhula au mwaka, na mwisho kuondolewa kabisa, ambako wanafunzi wenyewe hukuita kudisko. Aliye kwenye uangalizi bado ni mwanafunzi kamili. Amepewa muda na sharti, na kazi yake ya kwanza ni kulisoma sharti hilo kwa makini. Je, chuo kinadai wastani wa muhula mmoja au wastani wa jumla wa tangu aanze? Hadi lini? Kwa krediti ngapi, yaani vipimo vya uzito wa kila somo? Tofauti kati ya wastani wa muhula na wa jumla si ndogo. Kuna vyuo vinavyomruhusu mtu kuendelea kama muhula huu amefikisha 2.0, hata kama wastani wa jumla bado uko chini. Anayefikiri anatakiwa kupandisha ule wa jumla wote kwa mkupuo hukata tamaa bure.

Sasa hesabu. Chukua kipimo cha pointi nne, ambapo A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na F ni 0, na mstari wa kubaki chuoni ni 2.0. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza amesoma masomo matano ya krediti 3, jumla krediti 15. Amepata C mbili, D mbili na F moja. Zidisha pointi za kila alama kwa krediti zake: C mbili zinaleta 12, D mbili zinaleta 6, F haileti kitu. Pointi 18 ukigawa kwa 15 unapata 1.2. Ili awe na 2.0 angehitaji pointi 30. Kwa hiyo anadaiwa pointi 12. Deni hilo la 12 ndilo la kuandika ukutani, si ile 1.2. Wastani unamwambia amefeli kiasi gani. Deni linamwambia afanye nini.

C hailipi deni, inalizuia tu lisikue. B ya krediti 3 inalipa pointi 3, A inalipa 6. Muhula unaofuata, kwa krediti 15 zile zile, atahitaji B nne na C moja ili atoke. Ni kazi, lakini si muujiza. Akirudia 1.2 yake katika muhula huo wa pili, deni linafika 24, na muhula wa tatu utamdai wastani wa 3.6, yaani A tatu na B mbili. Akiteleza tena, deni ni 36, na muhula wa nne utamdai 4.4, alama ambayo haipo duniani. Mlango hufungwa hivyo, kidogo kidogo, na mara nyingi mwanafunzi huanza kujikaza kisabuni muhula ambao hesabu imeshakataa.

Njia ya haraka ya kulipa deni, mahali ambapo kanuni zinaruhusu, ni kurudia somo lililofeliwa. Hapa kuna swali moja la kumuuliza msajili kabla ya kujiandikisha: alama mpya inafuta ya zamani, au zote mbili zinahesabiwa? Kama inafuta, F ya krediti 3 ikigeuka C inapunguza deni kwa pointi 6, sawa na kupata B mbili katika masomo mapya. Ikigeuka B, inapunguza 9. Kama zote mbili zinahesabiwa, faida hiyo hakuna: C ya marudio haipunguzi deni hata pointi moja, na B inapunguza 3 kama somo lingine lolote. Kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli somo, vyuo vingi hufunga alama ya juu kabisa kuwa C, hata ukipata 90. Mwanafunzi anayetegemea sapu impandishie wastani anajenga juu ya mchanga. Sapu humwokoa mtu asikeri somo, yaani asilibebe hadi mwaka unaofuata, haimpatii A.

Uzito wa krediti nao husahaulika. F katika somo la krediti 4 inaacha deni la pointi 8. A ya somo dogo la krediti 1 inalipa pointi 2 tu. Unahitaji A nne za namna hiyo kulipa F moja. Hata hivyo, ukiangalia muda wa wanafunzi wengi, somo la krediti 1 lenye ripoti ndefu za maabara hula saa nyingi kuliko somo la krediti 4 lililojaa nadharia, kwa sababu ripoti ina tarehe ya kukusanywa na nadharia haina anayeidai hadi mwezi wa mwisho.

Kosa kubwa kuliko yote kwa aliye kwenye uangalizi ni kuongeza masomo ili "apandishe GPA haraka", yaani ule wastani wa alama. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila krediti moja inataka saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki. Krediti 15 ni saa 45. Krediti 21 ni saa 63, na huyu ni mtu ambaye saa 45 zilimshinda muhula uliopita. Apunguze hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwa mwanafunzi wa muda wote, kwa vyuo vingi krediti 12 au karibu na hapo, na achanganye masomo mawili magumu na mawili anayoyamudu. Kabla ya kupunguza aulize ofisi ya mikopo na ufadhili, maana kuna fedha zinazokatwa mara tu mwanafunzi anaposhuka chini ya kiwango hicho.

Tarehe. Vyuo vingi vina madirisha mawili ya kuacha somo. La kwanza hudumu wiki moja au mbili za mwanzo, na somo lililoachwa hapo halionekani popote. La pili hufika katikati ya muhula au mbele kidogo: somo hubaki kwenye rekodi kuwa liliachwa, lakini haliingii kwenye wastani. Baada ya hapo kila alama ni yako. Kuna wanafunzi wengi mno wanaoacha tu kuhudhuria wakidhani wameacha somo. Hawajaacha chochote, majina yao bado yako kwenye orodha, na mwisho wa muhula mfumo unawaandikia F ambayo fomu ya ukurasa mmoja ingeizuia.

Siku chache kabla ya dirisha la pili kufungwa, kila mwanafunzi akae na karatasi apige hesabu ya kila somo. Tuseme koziweki, yaani kazi na majaribio ya muhula, ni alama 40, mtihani wa mwisho 60, na kufaulu ni 50. Aliyekusanya 28 kwenye koziweki anahitaji 22 kati ya 60. Aliyekusanya 14 anahitaji 36 kati ya 60, yaani asilimia 60 ya mtihani, wakati kwenye majaribio amekuwa akipata asilimia 35. Ajiulize bila kujidanganya: nini kitabadilika kati ya leo na siku ya mtihani? Kama jibu ni "nitajitahidi", aliache somo hilo. Kama jibu lina saa, mtu wa kumfundisha na sura atakazozirudia, alibakize. Na aangalie pia kama chuo chake kinadai alama ya chini ndani ya mtihani wenyewe, kwa sababu mahali pengine koziweki nzuri haimwokoi aliyeanguka kwenye mtihani wa mwisho.

Kuhusu kusoma kwenyewe, tatizo la wengi si saa chache tu. Wanasoma kwa namna inayowadanganya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma kifungu, kisha kundi moja likakisoma tena na jingine likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Zile dakika tano ndizo zinazomponza mtu. Ukifunga daftari muda huu unajiona umeiva, na mtihani hauji muda huu.

Kwa vitendo ni hivi. Jioni ya siku ya kipindi, kabla ya kufungua daftari, chukua karatasi tupu na uandike kila unachokumbuka kwa dakika kumi. Kisha fungua daftari na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi ile ya pili ndiyo orodha yako ya kusoma; yaliyobaki achana nayo kwa leo. Rudia karatasi tupu baada ya siku tatu, baada ya wiki, na baada ya wiki mbili. Kwa masomo ya hesabu, chukua swali lililokokotolewa, funika jibu, fanya hadi ukwame, funua mstari mmoja tu, funika tena, endelea. Kesho yake lifanye upya tangu mwanzo. Kusoma ukokotozi wa mwingine na kutikisa kichwa kwamba "hii naielewa" ndiko kunakojaza F kwenye masomo ya hesabu, na madesa, yaani nakala za notsi na majibu yanayozunguka bwenini, huchangia, kwa kuwa yana majibu na hayana kazi. Kikundi cha kusoma kiwe cha watu watatu au wanne, kila mmoja aje na alichojaribu. Kikizidi hapo huwa baraza.

Kukesha usiku wa kuamkia mtihani hatutalijadili kwa urefu. Aliyepiga msuli hadi alfajiri huingia mtihanini na kichwa kizito, akasoma "linganisha" akajibu "eleza".

Hilo linatuleta kwenye karatasi za majaribio zilizosahihishwa, ambazo wengi huangalia alama juu wakazikunja. Zifunguliwe. Kila alama iliyopotea iwekwe kwenye moja ya mafungu matatu: sikujua, nilijua ila sikujibu kilichoulizwa, na muda uliniishia au nilikosea kizembe. Kila fungu lina dawa yake. La kwanza linataka kurudi kwenye sura. La pili linataka mazoezi ya kusoma maswali ya mitihani iliyopita na kuandika muhtasari wa jibu kwa mistari mitano, bila kuandika jibu zima. La tatu linataka saa. Mtihani wa saa tatu wenye maswali matano una dakika 180: toa 10 za kusoma maswali na 15 za kupitia mwishoni, zinabaki 155, sawa na 31 kwa kila swali. Dakika ya 31 ikifika, acha nafasi na uhame. Alama tano za kwanza za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko mbili za mwisho za swali ulilokwama.

Kumwona mhadhiri kunaogopwa bila sababu. Anayewachosha wahadhiri ni mwanafunzi anayekuja wiki ya 14 na kusema "Mwalimu, sielewi chochote". Aje wiki ya tatu au ya nne, na daftari mkononi: "Mwalimu, samahani, nimefanya swali hili hadi hatua hii, kutoka hapa kwenda mstari unaofuata ndipo ninapopotea." Hapo anasaidiwa kwa dakika kumi, na mhadhiri amemjua jina. Siku kamati ya chuo itakapokaa kuamua hatima yake, kuna mtu chumbani atakayeweza kusema kwamba huyu alikuwa anahangaika.

Ugonjwa na msiba vina kanuni yake, na ni kali. Katika vyuo vingi, ukishaketi kwenye mtihani umehesabiwa kuwa ulikuwa mzima. Kuleta cheti cha hospitali baada ya matokeo mara nyingi hakusaidii. Taarifa itolewe kabla ya mtihani, kwa maandishi, na nakala ibaki kwako. Tatizo likiwa la muda mrefu, kama kulazwa, kuuguza mzazi au ada kukwama, kuahirisha muhula au mwaka kwa ruhusa rasmi ni bora mara kumi kuliko kubanana hadi mwisho na kuvuna F tano. Aliyeahirisha hurudi na rekodi safi. Na aliyepewa muda wa ziada kukamilisha kazi za somo aiandike tarehe ya mwisho mahali anapopaona kila siku, maana somo lisilokamilishwa kwa wakati kwa kawaida hugeuka F lenyewe, kimya kimya.

Ikiwa barua ya kuondolewa imeshatoka, bado kuna rufaa. Muda wake ni mfupi, mara nyingi hauzidi wiki mbili, na huhesabiwa kuanzia tarehe ya barua, si tarehe uliyoifungua. Rufaa nyingi huanguka kwa sababu zimejaa majuto na hazina kitu cha kushika. Linganisha mistari hii miwili. Mmoja: "Nilipitia kipindi kigumu, naahidi nitajitahidi, naomba nionewe huruma." Mwingine: "Kati ya wiki ya 5 na ya 9 nilikuwa nauguza mzazi, cheti cha hospitali nimeambatanisha. Kabla ya hapo majaribio yangu yalikuwa asilimia 58 na 61. Baada ya hapo yalishuka hadi 30. Mzazi sasa anauguzwa na ndugu yangu. Naomba kurudi kwa krediti 12, nikirudia masomo mawili niliyofeli, na mshauri wangu wa masomo amekubali kuniona kila wiki mbili, barua yake nimeambatanisha." Kamati inajiuliza maswali matatu: nini kilitokea, nini kimebadilika, na hesabu inawezekana? Rufaa ya pili imejibu yote kwa nusu ukurasa. Ya kwanza haijajibu hata moja. Usimlaumu mhadhiri humo ndani. Malalamiko ya usahihishaji yana njia yake nyingine na fomu yake. Na usighushi cheti cha daktari. Aliyeondolewa kwa alama anaweza kurudi, wa kughushi ni nadra.

Wazazi nao wanaweza kusaidia kwa kubadilisha swali. "Masomo yanaendeleaje?" hujibiwa "vizuri" na mazungumzo yakaishia hapo. Uliza: "Mwanangu, jaribio la kwanza ulipata ngapi kati ya ngapi?" Kisha usifoke. Ukifoka wiki ya tano hutaambiwa kitu wiki ya tisa.

Tumesema mengi kwa wanafunzi, lakini vyuo navyo vina la kujibu. Chuo Kikuu cha Georgia State huko Marekani kilianza mwaka 2012 kutumia mfumo unaofuatilia dalili zaidi ya 800 za mwanafunzi anayeanza kupotea njia, kama vile kujiandikisha somo lisilo la programu yake, na mshauri humtafuta mapema. Si kila chuo kina uwezo wa mitambo ya namna hiyo, wala haihitajiki kuanza. Mambo matatu hayana gharama ya kutisha. Kwanza, matokeo ya muhula yaonyeshe deni la pointi pembeni ya wastani, na alama ambazo muhula ujao utadai. Pili, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza itengwe saa moja ya kumfundisha kila mwanafunzi hesabu hii kwa kalamu na karatasi, badala ya kumkabidhi kitabu cha kanuni ambacho hatakifungua hadi kimhukumu.

La tatu ndilo linalotukera zaidi. Wapo wahadhiri wanaorudisha jaribio la kwanza baada ya dirisha la kuacha somo kufungwa. Mwanafunzi anaamua gizani, halafu analaumiwa kwa uamuzi wake. Seneti za vyuo ziweke sharti kwamba kila somo liwe limerudisha angalau jaribio moja lililosahihishwa siku saba kabla ya dirisha hilo kufungwa, na somo ambalo halijarudisha, wanafunzi wake waongezewe siku.

Ni sisi,
Washauri wa masomo ya vyuo